Siku Tatu za Kudarizi: Mke Aombe Ruhusa?



Swali la leo nililetewa nje ya kanisa baada ya ibada ya Jumapili, na mume mmoja ambaye watoto wake wote nimewafundisha katekisimu. Alinivuta kando chini ya mti, akaangalia huku na huku, kisha akasema: "Mwalimu, mke wangu anataka kwenda safari ya siku tatu na rafiki zake. Si mazishi. Si harusi. Si semina ya akina mama wa parokia. Wanakwenda kushona vitambaa na kuzunguka sokoni. Je, mke aliyefunga ndoa kanisani ana haki hiyo?"

Niliijua safari aliyoisema, kwa maana mke wangu naye yumo. Ni kikundi cha akina mama waliojuana katika jumuiya ndogo ndogo hapa kwetu Ndanai. Mwezi wa Agosti, shule zikifungwa na palizi ikiwa imekwisha, huku kwetu kukiwa baridi na matope, wao hupanda matatu hadi Sotik, wakapita Keroka, wakafika Kisii nyumbani kwa rafiki yao, mwalimu mstaafu aliyefundisha upande wetu kwa miaka mingi. Wanalala kwake wakigawana vitanda na mikeka. Siku ya kwanza hukaa kutwa wakidarizi. Siku ya pili huenda Tabaka, kule vilimani yanakochimbwa mawe laini ya Kisii, meupe, ya kijivu na yenye rangi ya waridi. Huko wanaume huchonga, na wanawake huketi na mabeseni ya maji wakisugua vinyago na sahani kwa msasa mpaka ving'ae. Siku ya tatu hununua nyuzi mjini, halafu wanarudi.

Mwalimu huyo ndiye aliyewafundisha mshono wa msalaba. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sayansi ya nyumbani iliingia katika masomo ya shule za msingi, na wengi wa mama hawa walishika sindano kwanza darasani. Kwa wasioujua mshono huo, kitambaa chake kina vitundu vinavyohesabika. Unapitisha uzi toka pembe moja hadi nyingine, kisha unarudi kuupishana, na hapo umepata alama moja kama herufi X. Ua moja lataka mamia ya alama hizo. Ukikosea hesabu ya kitundu kimoja hulioni kosa papo hapo. Utaliona kesho kutwa, jani linapokataa kukutana na shina lake, na hapo ni kufumua. Sisi wanaume tunavikalia vitambaa hivi kila siku bila kuviona. Vimo kwenye viti, vimo ukutani na maneno ya kukaribisha wageni, na Padre akitarajiwa hufuliwa vyote na kupigwa pasi.

Sasa turudi chini ya mti. Nilipomsikiliza yule ndugu, kitu kimoja kilinishangaza. Mke wake huyo huyo, Januari iliyopita, alikwenda kwao kwa mazishi akakaa siku sita. Nilimkumbusha. Akasema, "Hiyo ni lazima." Basi tatizo halikuwa siku, wala chakula cha watoto, wala ng'ombe kukamuliwa na nani. Siku sita za kulia hazikumsumbua. Zilizomsumbua ni siku tatu za kucheka. Nami sikumlaumu sana, kwa sababu nilikuwa nimepita hapo hapo mwenyewe, na nilifanya vibaya zaidi yake. Yeye angalau aliuliza.

Miaka michache nyuma, kikundi kilipopanga safari ya kwanza, mke wangu aliniambia mwezi wa Mei. Nilikuwa nasoma. Nilijibu, "Tutaona." Mwezi wa Juni akarudia, nikasema tena tutaona. Wake wanaosoma ukurasa huu wanalijua neno hilo vizuri. Ni hapana ya mtu asiyetaka kuonekana amesema hapana. Julai hakuuliza. Agosti ikafika, wenzake wakapita barabarani asubuhi na mapema wakiimba, naye akawa jikoni anachochea moto. Sikumkataza, mnaona. Mtu akiniuliza mbele ya altare ningeweza kuapa kwamba sikumkataza.

Jambo ambalo sikulijua wakati ule ni kwamba mmoja wa wale mama wanane alikuwa na ugonjwa tumboni, na alikuwa amemwambia mke wangu peke yake. Walikuwa wamepanga wakae pamoja siku hizo tatu, mbali na watoto na majirani, wazungumze. Mwezi wa Februari tulimzika. Mke wangu alikwenda kwenye mazishi hayo, nami nilimpa nauli bila kuulizwa mara mbili, maana mazishi ni lazima.

Hajanilaumu hata siku moja. Alichofanya ni kunionyesha kitambaa cha marehemu, nusu yake imedariziwa na nusu yake tupu, ambacho familia ilimpa. Akakirudisha kwenye kikapu. Nimeungama jambo hilo kwa Padre, na Padre alinipa malipizi, lakini wiki ile ya Agosti haiwezi kurudi.

Tangu hapo nimelifikiria swali hili kwa uzito, kama katekista na kama mume.

Mara nyingi tunalianza vibaya kwa kuuliza, "Amepewa ruhusa?" Ruhusa hutolewa na mwenye mali au mwenye mamlaka: mwalimu humpa mwanafunzi, meneja wa shamba la chai humpa kibarua. Mtu asiye na ruhusa hujitetea, na mwenye kuitoa hahitaji kueleza lolote. Je, hivyo ndivyo tulivyoahidiana siku ya ndoa? Fungueni barua ya kwanza ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, sura ya saba. Paulo anazungumza jambo la ndani kabisa la mume na mke, nalo ni kukaa mbali kimwili kwa muda. Anasema mume hana amri juu ya mwili wake bali mkewe, na vivyo hivyo mke. Wakitaka kuachana kwa kitambo, sharti iwe kwa kupatana. Hapo hakuna mmoja anayetoa na mwingine anayepokea. Kama katika jambo zito namna hiyo Mtume alidai mapatano ya wawili, sijui ni wapi tulipata kwamba safari ya Kisii inaamuliwa na mmoja akiwa nyuma ya gazeti.

Najua mtakayonijibu. Mtanitajia waraka kwa Waefeso, wake kuwatii waume. Nawaomba msome aya inayotangulia, ile ya 21, ambapo Wakristo wote wanaambiwa watiiane wao kwa wao. Papa Yohane Paulo II katika wosia wake juu ya familia wa mwaka 1981 alisisitiza kwamba mke ana hadhi sawa na mume. Na hayati Papa Fransisko, katika wosia wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo, alieleza kwamba penye kuaminiana mtu hahitaji kufuata kila hatua ya mwenzake kana kwamba atamponyoka. Mimi nilipousoma niliona aibu, maana neno "tutaona" ni kamba ndefu iliyofungwa mguuni mwa mtu.

Lakini kupatana kuna pande mbili, na hapa ndipo hesabu ilipoanza kunisumbua. Yule ndugu wa chini ya mti alisema siku tatu ni nyingi. Nikaamua nihesabu za kwangu. Baada ya kukamua jioni, mimi huenda senta. Hapana pombe, naapa; ni chai, siasa, bei ya maziwa, na Jumamosi mpira kwenye televisheni ya hoteli. Tuseme ni saa mbili kwa jioni tano za wiki. Hizo ni saa kumi. Kwa wiki 52 ni saa 520. Ukigawanya kwa 24 unapata zaidi ya siku 21, usiku na mchana. Mke wangu alikuwa anaomba siku tatu kwa mwaka, nami nilikuwa nachukua ishirini na moja bila kuomba hata moja, kwa sababu nilizichukua vipande vipande. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba changu hakuna aliyekuwa anakihesabu. Chake kilikuja mara moja, kizima, kikaonekana kikubwa mno.

Niliirudia hesabu hiyo kwenye kipande cha karatasi mara mbili nikitumaini nimekosea.

Tena kuna fedha. Mume aliniuliza, "Nauli na hizo nyuzi, nani analipa?" Swali hilo ni halali kabisa. Watu wawili wenye karo ya shule hawawezi kupanga safari bila kuzungumza shilingi. Lakini tuzungumze zote. Kwa nyumba nyingi zenye chai, mama ndiye anayeinama kwenye michai asubuhi na kubeba kikapu hadi kituo cha kupimia, na namba ya mkulima kiwandani ina jina la baba. Bonasi ikija mwezi wa Oktoba, inaingia kwa jina hilo, na ni nadra kumsikia baba akiuliza kama anaruhusiwa kununua kiatu. Katika nyumba nyingi zetu za Kipsigis, maziwa ya asubuhi huenda kwenye chama cha ushirika, na ya jioni ni ya mama: ya watoto, ya mursik, na kidogo cha kuuza. Mke wangu aliweka senti za maziwa ya jioni mwaka mzima. Hakunidai kitu. Nilichotakiwa kumpa ni neno tu, nalo nilimnyima.

Mwaka uliofuata alikwenda. Sitajisifu, nilisema ndiyo kwa sauti ya mtu anayelipa deni. Aliporudi alikuwa na sahani ya mawe ya Tabaka, yenye rangi ya waridi, imechorwa samaki. Nikauliza bei. "Mia mbili, Baba," akasema. Miezi miwili baadaye, mke wa jirani, bila kujua, akasema mbele yangu kwamba zile sahani ziliwagharimu mia nane kila mtu.

Nilikasirika. Uongo ni uongo, na amri ya nane haijaweka kipimo cha kuanzia shilingi elfu moja. Nilipomwambia, hakukana. Alisema tu, "Ningesema mia nane, ningesikia habari ya sahani hiyo mpaka Krismasi." Nikanyamaza, maana alisema kweli. Alikosa, na alijua amekosa. Ila na mimi nilipaswa kujiuliza ni nani aliyeifanya nyumba yetu kuwa mahali ambapo ukweli unagharimu shilingi mia sita zaidi. Watu wa kuomba ruhusa hujifunza haraka kufupisha bei, kuficha jina la mmoja wa wasafiri, kusema tunakwenda sala kumbe tunakwenda soko. Nimeyaona katika ndoa nyingi nilizoitwa kusuluhisha, na mara nyingi uongo wa mke hunijia mezani wa kwanza, na ule "tutaona" wa mume hauletwi kabisa kwa kuwa hauna ushahidi.

Wake wapendwa, msije mkadhani mwalimu amewapa barua ya kutembea. Kupatana kunawabana na ninyi. Kuna wakati safari haifai. Mtoto anayenyonya au mgonjwa kitandani hasubiri uzi. Karo ikiwa haijalipwa na mkopo wa chama unadaiwa, hata nauli ya Keroka ni nyingi. Tena kuna safari ambayo kwa kweli ni kukimbia ugomvi. Mtu anadarizi siku tatu na kurudi kwenye ugomvi ule ule umepoa juu, una moto chini. Na hapo kwenye duara la sindano, ulimi nao hufanya kazi. Kuzungumza taabu zako na rafiki mwaminifu ni dawa. Kuwasimulia wanawake saba mambo ya chumbani, au kumpima mumeo kwa mume wa mwingine, ni kumvua nguo mtu asiyekuwepo. Mwenzako alikuamini alipobaki nyumbani.

Hofu nayo isidharauliwe. Sisi wa mpakani hatupiti njia ya Borabu bila kukumbuka. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilichomwa na watu waliuawa kati yetu na jirani zetu Wakisii. Mume anayeuliza "mtalala wapi, mtarudi kwa gari gani" si lazima awe dikteta. Mjibuni kwa upole. Lakini na yeye asiifanye hofu kuwa kisingizio cha milele. Urafiki wa mama hawa na yule mwalimu umedumu katika mambo hayo yote, na sijui mkutano wa amani uliofanya zaidi ya uzi wao wakikopeshana sindano.

Limebaki swali gumu kuliko yote, lile alilokuwa nalo yule ndugu moyoni bila kulitamka: ikiwa mke wangu anafurahi mbali nami, je, mimi ni nani kwake? Wengi wetu tuliambiwa siku ya harusi kwamba sasa ni mwili mmoja, tukaelewa kwamba kila furaha lazima ipitie kwetu, kama maji yote ya kijiji yapite kwenye bomba moja. Hilo ni zigo ambalo hakuna mume awezaye kulibeba. Mimi siwezi kuwa dada yake wa kuzungumza naye habari za uzazi na uzee. Siwezi kuona kwamba rangi ya kijani aliyochagua imekosa kidogo. Wenzake wanageuza kitambaa na kutazama mgongo wake, kwa maana fundi hujulikana kwa upande wa nyuma, na kwa neno moja tu la mwenzake uso wake hung'aa. Nikikisifu mimi anatabasamu kwa adabu.

Na kupumzika kwenyewe si dhambi inayotafuta udhuru. Bwana wetu aliwaambia mitume wajitenge wapumzike kidogo walipokosa hata nafasi ya kula. Imo katika Marko, sura ya sita. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipojadili kama kuna wema katika mchezo, alikumbusha kisa cha kale cha Yohane mwinjili, aliyemwuliza mpiga mishale kama angeweza kuukaza upinde wake daima. Akajibiwa ungevunjika. Huwa nafikiri pia juu ya Bikira Maria, aliyeondoka kwenda nchi ya milima kwa Elizabeti akakaa kama miezi mitatu, naye alikuwa ameposwa na Yosefu. Alikwenda kwa mapendo kwa jamaa yake, sisemi alikwenda matembezi. Lakini Luka anaanza kisa hicho na salamu, shangwe na wimbo kati ya wanawake wawili, wala haandiki kwamba Yosefu alituma mtu kuuliza atarudi lini.

Kwa hiyo nilimwambia yule ndugu arudi nyumbani na asiseme ndiyo wala hapana kabla ya kuketi na mkewe. Wazungumze fedha yote, yake na ya mkewe. Wazungumze watoto watabaki na nani, na kama ni yeye, basi ajifunze sasa kupika kimyet, si jioni ile ya kwanza watoto wakilia. Mke aseme kweli yuko na nani na atatumia ngapi. Na mume aseme kweli kama kuna kitu kinachomwogopesha. Aliniuliza, "Na nikishindwa kupatana naye?" Nilimwambia waje wote wawili, na asije peke yake tena.

Walikuja. Sikuambiwa yote waliyosema nyumbani, wala sikuuliza. Alikwenda siku mbili badala ya tatu, kwa sababu ya ndama mgonjwa, na yeye ndiye aliyependekeza kupunguza.

Mwaka huu mke wangu ameamua kukimalizia kile kitambaa cha marehemu. Amebakiza pembe moja, na rangi ile ya zambarau haipatikani Sotik, ataitafuta Kisii. Jioni moja tukipanga tarehe aliacha kuhesabu vitundu, akanitazama. "Na wewe, Baba," akasema, "siku zako ishirini na moja, ukizikusanya pamoja, ungekwenda wapi, na nani?"

Nilifikiria watu wote wa pale senta, mmoja mmoja. Bado sijampa jibu.